Taa Nyuma ya Mkeka

Uligeuza macho. Usiniambie hukuwapo, maana nilikuona. Jumapili ile picha ilipotundikwa mjini Baraka, kwenye ukuta wa nyumba ya mikutano, ulisimama mbele yake pamoja na watu wa Lubondja na watu wa Kilembwe na bamama waliotoka misa, rozari bado mkononi. Ulimtambua mwanamke yule. Ulitikisa kichwa, namna mtu anavyotikisa akimwona jirani mahali asipomtarajia. Kisha ukasoma maneno yaliyoandikwa chini, au ukasomewa: "Mwanamke wa Kibembe mwenye haya." Hapo hapo ukakumbuka kwamba una ndagala wa kuanika. Ukaondoka.

Mimi nilikuwa pale nje, nimeupa ukuta mgongo, na wengi walicheka. "Isidore anaogopa picha!" Siogopi picha. Mwanamke yule ni mama wa mke wangu. Mukwe hamtazami mama mukwe usoni, wala halitamki jina lake. Unalijua hilo vizuri, kwa sababu na wewe una mukwe wako, na ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mihogo hadi apite. Mimi nina amri ya kutotazama. Wewe nani alikupa?

Basi nitakueleza picha ile ilivyozaliwa, maana wengi wenu mnafikiri ilizaliwa na Casimir.

Casimir ni mwenye kamera, hilo simnyimi. Padri mzee aliporudi kwao Ulaya alimwachia ile kamera kubwa ya sanduku, yenye miguu mitatu ya mbao na mfuko wa ngozi unaokunjuka kama kinanda cha mkononi. Nyuma ina kioo chenye ukungu. Unajifunika kitambaa cheusi, unatazama kwenye kioo, na mtu anaonekana humo kichwa chini, miguu juu. Ukiridhika, unaweka kioo kingine chenye dawa ya picha, na huyo aliyekaa mbele lazima atulie kama kisiki.

Mimi na Casimir tulikaa benchi moja shule ya misioni. Yeye akaendelea. Mimi nilifukuzwa kwa kuuliza maswali, na yote niliyojua baada ya hapo nimeyaokota mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Casimir akapata karatasi ya évolué, ya mtu mweusi anayehesabiwa kustaarabika kizungu, akapata viatu vya rangi mbili na ruhusa ya kuketi barazani kwa wazungu mradi asiegemee kiti. Nilimwonea wivu? Nilimwonea. Mtu anayesema hana wivu mbele ya viatu vile ni mwongo. Lakini kitu kimoja hakukipata. Aliposa Dorothée kule Lubondja, na Dorothée mwenyewe akamkataa, akanichukua mimi. Hapo nikadhani nimemaliza kazi ya kuona wivu duniani.

Sikuwa nimefikiria ukwe. Kabla ya kuposa, nilikuwa nakaa jikoni kwa yule mama nikisikiliza maneno yake. Ni yeye, kama umesahau mimi sikusahau, aliyeng'oa pamba ya lazima mbele ya moniteri, msimamizi wa mashamba wa serikali, akapanda mihogo kwenye mashimo yale yale. Moniteri alipomwinulia fimbo, akamwambia aishike vizuri isije ikamwangukia mguuni. Huyo ndiye wanayemwita mwenye haya! Lakini siku mbuzi wangu wa kwanza alipofika kwao, mlango wa jiko ulinifungia. Nikawa wa kupitia nyuma ya nyumba, na salamu zangu kupelekwa na mtoto yeyote aliyekuwa karibu.

Casimir, kwa kuwa alikataliwa, hakufungiwa kitu. Alikuja Lubondja akaketi jikoni pale pale nilipokuwa nikiketi, akala, akamwita yule mama kwa jina lake, jina kamili, kinywa wazi. Na mama akacheka naye. Mimi nikiwa nyuma napasua kuni, nasikia kicheko kile kinapita kwenye nyasi za ukuta. Nilipata binti, yeye akapata uso wa mama. Nipimie mwenyewe nani alishinda.

Baadaye Casimir akafungua studio Baraka, katika ghala la nyavu la Mzee Uledi. Alipiga picha mbaya, na kila mtu aliona ila hakuna aliyesema, kwa sababu ya viatu. Nje, jua la mchana liliwachimbia watu mashimo machoni. Ndani, kiza. Casimir alikuwa amesoma mahali fulani kwamba uso ukiwa mweusi lazima uongezewe weupe, basi akawapaka wanawake poda hadi wakafanana na mikate isiyoiva. Dada yake Uledi alirudisha picha yake akasema hamjui mtu huyo, ila anampa pole.

Nikamwendea. Nikamwambia: si weupe unaokosekana, ni taa. Na badala ya poda wapake mawese kidogo, uso ung'ae, taa ipate mahali pa kuteleza. Aliniangalia kana kwamba kiti kimesema.

"Taa gani? Baraka hakuna umeme."

"Taa za ndagala."

Unazijua, zile za kupampu, zinazowashwa juu ya mashua usiku ili samaki wale wadogo waje wenyewe. Mzee Uledi alikuwa nazo nyingi kuliko mtu yeyote wa ufukweni. Tulipomwomba, alicheka hadi kofia ikamwanguka.

"Isidore, mutoto yangu, kichwa iko muzima? Ile taa inaitaka ndagala, haiitake bamama."

"Mzee, siku moja tu."

"Siku gani? Unajua ile kitambaa ya ndani. Ikishawaka mara moja inabakia majivu. Ukibeba vibaya, inaanguka, mi nitavua na nini? Na meno?" Kisha akatuhurumia. "Mungoje mwezi mukubwa. Mwezi ikiwaka, ndagala haiko na habari ya taa. Mashua zinalala. Pale mutachukua."

Ndivyo studio ya Baraka ilivyokuwa ikifanya kazi kwa mwezi, kama hukujua. Mwezi ukikua, wavuvi walilala, nasi tulizipa taa zao kazi nyingine. Tuliziba madirisha ya ghala kwa mikeka na kujaribu mchana kutwa. Taa moja mbele ya uso: uso ukawa sahani. Taa mbili, huku na huku: kila mtu akapata pua mbili. Taa chini, Dorothée akasema ninyi mnapiga picha mizimu. Mwishoni niliinua taa moja juu, upande mmoja, nikatundika tanga jeupe la Uledi upande wa pili ili lirudishe mwanga polepole. Casimir akatoka chini ya kitambaa chake. Hakusema ni vizuri. Alisema, "Tutaona." Casimir akisema tutaona, ujue ameshaona.

Yeye alikuwa na kamera, mimi nikawa na taa. Watu wakaja. Lakini kwenye kona ya kila picha kulikuwa na mhuri mmoja tu, wa Casimir.

Ndipo yule mama aliposhuka kutoka Lubondja kumwona mjukuu wake Georgette, na Casimir akamwalika studio. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza yeye, kwa jina.

Sasa fikiri. Taa ni mimi ninayeijua. Anayekaa mbele ya taa ni mama mukwe wangu. Tuliumiza vichwa asubuhi nzima. Mwishowe Dorothée alitundika mkeka kutoka kwenye dari, mama upande mmoja, mimi upande mwingine, nami nikashika mti mrefu wenye taa nikaipitisha juu ya mkeka. Sikumwona. Niliona ncha ya juu ya tanga tu, na kwa ung'avu wake nikakisia mwanga umefika wapi.

"Na kwa kioo, nani ataangalia kama taa iko muzuri?" Casimir akauliza kwa sauti ya asali. "Isidore, kuya uangalie. Mule ndani anaonekana kichwa chini. Kichwa chini hapana mukwe."

"Ee Mungu!" Mzee Uledi alikuwa ameketi mlangoni kulinda taa zake. "Kichwa chini njo mubaya zaidi! Umuone mama mukwe miguu juu, kisha utaambia bakubwa ba Lubondja nini?"

"Banazungumuza nini kule?" sauti ya mama ikauliza.

"Mama, banauliza kama we ni we ukiwa kichwa chini," Dorothée akamjibu.

"Baambie mi ni mi hata bakinikunja kama mukeka."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, nyuma ya mkeka, peke yangu na ule mti.

Basi ikaamuliwa Dorothée aangalie kwa niaba yangu. Kitambaa kile cheusi, nakwambia wewe uliyeoa, kilishonwa kwa kichwa kimoja. Wakaingia wawili. Mwanamume aliyemposa na mwanamke aliyemkataa, chini ya kitambaa kimoja, na mumewe amesimama na taa mikononi asiweze hata kusogea, maana akisogea mwanga unahama.

"Baba Georgette, pandisha kidogo," Dorothée akaita kutoka mle ndani. "Leta huku. Hapana, rudisha."

"Sogea, Mama Georgette, nione," Casimir akasema.

"Sogea weye. Hii mafuta ya nywele yako itaniua."

Hilo lilinifariji. Lakini halafu akacheka, na sikujua anacheka nini, na kicheko cha chini ya kitambaa si sawa na kicheko cha nje. Kikarudi tena. Casimir akanong'ona neno. Yule mama naye alikuwa anamtania Casimir juu ya viatu vyake, akigeuza kichwa huku na huku, na Casimir akimsihi, "Mama, tulia, mama, nakuomba," kwa upole ambao nilikuwa naujua, upole wa mtu anayekaa jikoni kwa watu.

Nikakohoa.

Sikukohoa kwa moshi. Nilikohoa kikohozi cha mume, kile kinachosema: niko hapa, nasikia. Nilikielekeza kwenye kitambaa cheusi.

Lakini aliyekisikia ni mama mukwe. Katika maneno na vicheko alikuwa amesahau nani ameshika taa. Sasa akakumbuka mukwe wake yuko karibu, mkeka mmoja tu kati yao. Dorothée ndiye aliyenisimulia, mara nyingi, kwa sababu nimemwomba mara nyingi. Mama akanyamaza. Akageuza uso pembeni, akashusha macho, akavuta pindo la kitenge hadi kidevuni, na akabaki hivyo, kimya kabisa, jinsi mama anavyompa mukwe heshima yake. Na taa yangu, ile ile iliyokuwa ikitetemeka kwa hasira, ikaanguka kwenye paji, ikashuka shavuni juu ya mawese, ikasimama.

"Sasa!" Dorothée akapiga kelele. "Casimir, sasa! Isidore usitikisike!"

Sikutikisika. Mama hakutikisika. Casimir akafungua, akangoja, akafunga.

Sijaiona picha ile. Siwezi. Casimir aliisafisha, Dorothée aliilia, Uledi alisema kwamba kama taa zake zinaweza kufanya hivyo basi ndagala wana bahati. Mtu mmoja wa Kilembwe aliniambia shavu lile linaonekana kama ukilishika litakuwa na joto. Nami nikamwonea wivu mtu wa Kilembwe. Namwonea wivu kila mwenye macho aliyesimama mbele ya ukuta ule. Nakuonea wewe.

Halafu mkubwa wa teritwari, mzungu mtawala wa wilaya, alipita Baraka, akaiona, akasema picha hii itaenda kwenye maonyesho makubwa ya Ulaya, wazungu waone watu wa Kongo. Tukaitwa Fizi, kwenye bureau ya serikali, kuiandikisha. Karani ni Raphaël, mtoto wa Kilembwe, mtu wa heshima zake. Akachovya kalamu.

"Mupiga picha?"

"Casimir," akajibu Casimir.

"Na taa ni mimi," nikasema.

Raphaël akatazama karatasi. "Hakuna mahali pa taa hapa, ndugu." Akaendelea. "Na huyu mama, jina yake?"

Casimir akanigeukia polepole. Nakumbuka hata nzi aliyekuwa kwenye kola yake.

"Muulize Isidore. Ni mama mukwe yake."

Raphaël akacheka kidogo, maana anajua mila. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu niliinamisha kichwa. Kalamu ikangoja. Jina lilikuwa mdomoni mwa Casimir, jina aliloliita jikoni mchana na jioni, na mwaka mzima nililisikia kutoka nyuma ya nyumba. Angeweza kulitema pale mezani kama mbegu ya pera. Hakulitema.

"Hapana jua jina," akasema. "Andika: mwanamke wa Kibembe mwenye haya. Angalia anavyoficha uso. Anaogopa kamera."

Nje nilimshika kola.

"Unalijua jina!"

"Kama ni muhimu sana, seme weye."

"Casimir, unajua siwezi."

"Ee, najua." Akanyoosha kola yake. "Ulichukua Dorothée, ukachukua ukwe pamoja naye. Mi nilibakia na kamera. Kila muntu na yake, ndugu."

Hapo nikaelewa kwamba wivu wangu miaka ile yote ulikuwa na pacha wake, na pacha yule alikuwa amevaa viatu vya rangi mbili.

Anaogopa kamera! Mwanamke yule hakuogopa fimbo ya moniteri, ataogopa sanduku? Kinachoonekana kwenye shavu lile si woga wala haya ya mwitu wanayoitaka wazungu. Ni heshima, na heshima ile ni yangu. Alinipa mimi, kupitia mkeka, kwa kikohozi kimoja. Ni kitu pekee ambacho mama mukwe anaweza kumpa mukwe wake usoni, na Casimir amekipigia mhuri wake, na Ulaya itakiita tabia ya kabila.

Picha ikarudishwa Baraka kwa Jumapili moja, ili mpate kujisifu. Nyote mkaiona. Nikangoja mtu mmoja aseme jina. Nimeshasema mlikoenda.

Dorothée hakwenda kuanika ndagala. Alipanda Lubondja kwa mama yake, ambaye siku hizi mguu umevimba haufiki hata mtoni, akamwambia yaliyoandikwa. Mama akatuma maneno, na haya ni maneno yake: "Mukwe asitaje jina yangu. Anitunzie heshima. Lakini mi nilipewa jina na baba yangu, na nataka iende na mi kule Ulaya. Ao batu bengine bote midomo imekufa?"

Dorothée akaenda Fizi kwa miguu. Raphaël alimpokea vizuri, akampa kiti. Lakini akamwambia mwenye picha ameshasema jina halijulikani, na neno la binti peke yake dhidi ya neno la mwenye mhuri ni jepesi. "Mama Georgette, lete batu ba kwenu. Bakuye, basimame hapa, baseme jina moja. Nitafuta ile maneno na nitaandika yake. Mi siko na roho mubaya. Lakini sanduku ya picha ikishapigwa musumari, mi sina nguvu tena."

Sanduku halijapigwa misumari. Lori lilifika Fizi jana, dereva anatengeneza gurudumu, na likiwa tayari linateremka Baraka, sanduku linaingia kwenye meli, na mama yule atavuka maji akiitwa mwenye haya, na watoto wa watoto wenu watamkuta katika vitabu vya wazungu hana jina wala baba. Hilo ndilo linalokwenda kutokea, wewe ukiwa umeketi na karatasi hii.

Juu ya jina langu mimi na ile taa, sikuombi kitu leo. Tutalizungumza siku nyingine, na mimi sisahau. Leo ni jina lake tu. Mimi siwezi kulisema. Nikilisema ninamvua heshima ile ile ninayoitetea. Lakini wewe si mukwe wake. Wewe ulikula mihogo aliyoipanda mahali pa pamba. Wewe wa Lubondja uliyechota maji naye, wewe wa Kilembwe uliyelala kwake mvua ilipokukamata, Mzee Uledi, ndiyo, wewe pia, uliyemwita kwa jina siku ile ulipomsalimu mlangoni. Simama. Mwite jirani yako, usiende peke yako, maana wa peke yake wamemrudisha. Shikeni njia ya Fizi sasa hivi, msingoje jua lipungue, ingieni bureau, zungukeni meza ya Raphaël, na mtaje jina la mama yule, nyote pamoja, kwa sauti, mpaka alimalize kuliandika.